Mwaka wa Ng'ombe wa Maduhu

Wanangu watatu walikuja wote kumzika Maduhu. Kwa ajili yangu hawajawahi kuja wote kwa pamoja. Siku nilipostaafu walikuja wawili, na wa tatu akatuma shati lililonibana makwapani. Lakini kwa Maduhu walikuja: Kabula, mkubwa, aliendesha gari kutoka Singida anakofanya kazi ya kupima viwanja; Milembe alipanda basi kutoka Mwanza; na Minza, kitinda mimba, aliomba ruhusa chuoni. Tulitoka Bariadi asubuhi kwenda Nkololo, mimi na mama yao na hao watatu. Msibani nilikaa kwenye benchi na wazee wenzangu, na mara tano au sita niliulizwa kama wale mabinti waliokuwa wakisaidia kupakua chakula ni wangu. Kila nilipojibu ndiyo, mtu aliitikia kwa sauti ile niliyoizoea miaka mingi, ya kunipongeza na kunipa pole kwa pamoja. Kisha mzee mmoja, jirani wa marehemu, akanyoosha fimbo. "Na yule mrefu ndiye aliyerudisha ng'ombe?" Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa. Nimechoka kuieleza habari ya ng'ombe yule vipandevipande kwa kila anayeuliza. Acha niiandike yote mara moja, nipumzike.

Ulikuwa mwaka ambao mama yao, ambaye ni muuguzi, alikwenda Mwanza kujiendeleza kimasomo kwa miezi kumi na miwili. Mkoa wetu ulikuwa bado mchanga, maofisa walikuwa wanahamia kila wiki na magodoro yao juu ya malori, na kila hospitali ilitaka watu wenye cheti cha juu zaidi. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilisema kwa kifua mbele kwamba nyumba nitaiweza. Kabula alikuwa na miaka kumi na saba, Milembe kumi na mitatu, Minza minane. Nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nilijiona mtu anayejua kutunza vitu vinavyoharibika. Mashine ikilia, mimi husikia ni wapi pamekauka mafuta. Nyumbani walilia watatu kwa zamu, wakati mwingine kwa pamoja, na sikuwahi kujua mafuta niweke wapi. Watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami kila nilipousikia msemo huo nilikuwa nikiitikia tu kama mtu anayeitikia salamu. Mwaka ule niliuelewa neno kwa neno.

Wiki ya kwanza Milembe aliniambia kwa upole niwanunulie pedi. Nilikwenda dukani, nikasimama pembeni nikingoja wanaume waliokuwa wakinunua sigara waondoke. Hawakuondoka. Nikanunua sukari, nikarudi. Safari ya pili nilinunua chumvi. Safari ya tatu Kabula alikwenda mwenyewe, na aliporudi akaweka mfuko mezani akasema, "Baba, sukari sasa inatosha." Likizo ya Desemba, Minza alitaka kusukwa. Saluni kulikuwa na foleni ya sikukuu, nikaona mtu anayejua kusuka mkanda wa mashine hashindwi na nywele za mtoto. Nilimsuka mistari mitano, kila mmoja ukaelekea kwao. Jirani yetu mwanamke alipomwona alimwinua kidevu, akauliza nani kampiga mtoto. Bafu lilikuwa moja, ndoo tatu zilikuwa zimepangwa mlangoni kabla jua halijachomoza, na mimi niliyekuwa na haraka kuliko wote nilioga mwisho, kwa maji yaliyobaki. Nilikwenda kazini nikiwa nimechoka tayari, na nikirudi na nyuzi za pamba kichwani, Minza alinikalisha kwenye stuli akaanza kuzichambua moja moja huku akinisimulia nani kamchokoza nani shuleni. Hapo ndipo nilipokuwa nasinzia. Huo ndio usingizi mzuri pekee ninaoukumbuka wa mwaka ule.

Nyumba yetu wakati huo haikuwa na dari. Tulikuwa tumepiga bati na kumaliza kuta, dari tukasema itakuja Mungu akipenda. Kwa hiyo neno lililosemwa chumba kimoja lilipanda juu ya ukuta na kushukia cha pili bila kubisha hodi. Jioni, nikiwa sebuleni na redio nimeipunguza, niliwasikiliza wanangu chumbani kwao. Nilimsikia Milembe akisema ugali wa baba una madonge kwa sababu baba anausonga kama anakoroga zege. Nilimsikia Kabula akiwafundisha wadogo zake jinsi ya kuniomba kitu: usimwombe akitoka kazini, mngoje ale, na usimwombe akiwa amesimama. Niliijua mipango yao yote, nikajiona mjanja. Haikunijia hata siku moja kwamba ukuta ule ule ulipitisha sauti pande zote mbili.

Na mimi nilikuwa mtu wa sauti. Nilikuwa mtani maarufu pale kiwandani. Mtu mwenye mabinti watupu, kwetu Usukumani, hawezi kukwepa maneno. Anaitwa tajiri, anaulizwa lini ng'ombe wa mahari wataanza kuingia. Wengine hukasirika. Mimi niliamua kuwatangulia. Mgeni akiniuliza nina watoto wangapi, nilijibu, "Nina zizi zima, ila kwa sasa linavaa sare na linasoma." Watu walicheka mpaka wakashika mashine. Niliusema utani huo kazini, kanisani baada ya ibada, na nyumbani mbele ya wanangu wenyewe. Mwanzoni Kabula alikuwa akicheka. Sikumbuki ni lini aliacha, na hilo linaniuma, maana mtani mzuri hujua ni nani hacheki.

Basi Maduhu. Tulisoma naye tangu darasa la kwanza, yeye akaishia la saba akarudi kwenye ng'ombe wa baba yake Nkololo, na ng'ombe hao wakaongezeka mpaka akawa mtu wa kusimamiwa akiingia mahali. Mwezi ule wa Desemba Minza alikuwa ametoka kuugua malaria, amebaki macho. Maduhu alipita nyumbani siku ya mnada, akamwona, akaenda zake. Siku tatu baadaye, mchana, alirudi kwa miguu akimswaga ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, na ndama wake nyuma. Akamfunga kwenye mti wa uani, akaingia sebuleni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, Milembe akamletea maji.

"Mwadila, Bhabha Kabula," alinisalimia. "Huyu atakaa kwako. Wanao wanywe maziwa. Sitaki mtoto wa rafiki yangu ahesabiwe mbavu nami nipo."

Nilimshukuru, nikamuuliza nitamrudishia nini kwa wema ule.

"Utanirudishia nini, na wewe?" akasema, sauti yake ikijaza nyumba. "Namlisha mkwe wangu mapema. Akija kwangu kwa Sita awe na nguvu za kulima."

Sita alikuwa mwanawe mkubwa, kijana wa miaka ishirini na kitu. Nami nilicheka. Si hivyo tu, nikamjibu, maana sikuwa mtu wa kuachiwa utani mkononi. "Kama ni hivyo leta na wengine," nilisema. "Huyu peke yake kwa Kabula wangu hatoshi hata mguu mmoja!" Maduhu akacheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongoni, tukanywa chai, akaondoka.

Kwa wale wasiojua, nieleze kidogo. Kumlaza ng'ombe wako kwa rafiki, yeye amtunze na anywe maziwa, ni desturi yetu ya zamani, tunaita kubilisa. Lakini ina utaratibu. Unaita jirani mmoja au wawili, wanashuhudia ng'ombe ni wa nani na amekuja kwa shughuli gani. Sisi hatukuita mtu. Tulikuwa marafiki wa tangu utotoni, tukaona mashahidi ni kwa watu wasioaminiana. Sasa, ng'ombe aliyetoka kwa mtu mwenye kijana wa kuoa, akaingia kwa mtu mwenye binti aliyekua, bila shahidi, huyo hahitaji kuelezwa na mtu. Kila Msukuma aliyepita njia ile na kumwona pale uani alijua ni ng'ombe wa nini. Mimi pia nilijua. Ndiyo sehemu ya habari hii ambayo huwa naipita haraka nikisimulia. Nilijua, ila maziwa yalikuwa yanakuja kila asubuhi, Minza alikuwa anarudi mwili, na nilikuwa nimechoka mno kuanza kufikiri.

Minza alimwita ng'ombe yule Madamu, kwa sababu alisema anakuangalia kama mwalimu anayekagua kucha. Nilikuwa nikimletea mashudu ya pamba kutoka kazini, naye akatulia kama aliyezaliwa pale. Asubuhi tulikaa mezani na chai ya maziwa, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Januari Kabula aliingia kidato cha nne, na karibu wakati huo nikaona anakunywa chai ya rangi. Nilimuuliza, akasema maziwa yanamsumbua tumbo. Nikamnunulia dawa ya tumbo. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante baba, akaiweka kwenye dirisha, na ikakaa hapo mpaka karatasi yake ikapauka. Nilimweleza mama yao kwenye simu kwamba mtoto ana tumbo. Akaniuliza kama nimemuuliza vizuri. Nikasema nimemuuliza. Nilikuwa nimemuuliza nikiwa nimesimama mlangoni, ufunguo mkononi.

Sita naye akaanza kupita. Mara ya kwanza alileta tikiti maji mawili, mara ya pili kiroba cha viazi. Alinisalimia huku ameinama, kofia ameishika kifuani, akakaa ukingoni mwa kiti, akaniuliza habari za kazi kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwa vijana wa siku hizi. Nilimwambia Maduhu kwenye simu kwamba amelea vizuri. Akafurahi sana kusikia hivyo. Wanawake wa mtaa walianza kumwita Kabula kwa jina la upole, mwari, wakikutana naye kisimani. Mambo haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili, sikuyaunganisha. Fundi anayesikia beringi iliyochoka katikati ya kelele za kiwanda kizima alikuwa amekaa na jambo hili nyumbani miezi minne, halisikii.

Mwezi wa nne mwalimu wa darasa la Kabula aliniita shuleni. Alikuwa mama mmoja mpole aliyehamia kutoka mkoa wa mbali, akanikaribisha kiti akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo. Binti aliyekuwa wa tatu darasani alikuwa amekuwa wa thelathini na moja. "Hafanyi kazi za nyumbani," alisema, "na nikimuuliza ananiambia, madamu, kuna haja gani." Nilirudi nikiwa nimekasirika. Niliandaa hotuba njiani, nzuri kabisa, yenye mifano ya maisha yangu. Lakini ilikuwa Ijumaa na walikuwa wanafua, nikasema nitaitoa Jumapili baada ya chakula, mtu akiwa ameketi. Hata mimi nilikuwa nimejifunza kwa wanangu.

Jumapili tulikula wali na sato wa kukaanga. Milembe ndiye alipika, kwa hiyo chakula kilikuwa na ladha. Nilimimina maziwa kwenye vikombe, nikasukuma kimoja kuelekea kwa Kabula, nikasema kwa sauti ya baba, "Leo utakunywa. Tumbo haliwezi kuuma miezi minne." Kabula akakiangalia kikombe. Minza, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha wakati wa kunyamaza, akasema huku anachambua mwiba wa samaki, "Hawezi kunywa maziwa ya mahari yake mwenyewe, baba. Dada amesema ni kama kujila."

Nikacheka. Mungu ananisikia nikiandika haya. Kabla akili haijafika, kicheko kilikuwa kimeshatoka, kwa mazoea. Kisha nikaona hakuna mwingine anayecheka. Milembe alikuwa ameinamisha uso kwenye sahani. Kabula alisimama, akanawa mikono taratibu, akaifuta, kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Hivyo ndivyo ulivyocheka na siku ile," alisema.

"Siku ipi, mwanangu?"

"Siku aliyomleta. Nilikuwa chumbani. Nilisikia yote. Ukasema hatoshi mguu mmoja."

"Kabula, ule ulikuwa utani. Mimi na Maduhu tumetaniana tangu—"

"Najua ulikuwa utani. Ningekuwa sijui ningekuuliza. Lakini ng'ombe amebaki, baba. Utani umeisha, ng'ombe yupo hapo nje, na Sita anakuja na viazi. Mimi kila siku nangoja useme kitu. Ungemkatalia kwanza, halafu ndiyo ucheke."

Akaingia chumbani. Hotuba yangu ilibaki kifuani. Nilikaa pale na kikombe cha maziwa mbele yangu, nikasikia kupitia juu ya ukuta kwamba halii. Angelia ningefarijika. Mtu mwenye umri wangu angekuwa ameshazoea aibu, lakini ile ya Jumapili ile ilikuwa mpya. Mtoto alikuwa ameacha kusoma kwa sababu aliamini baba yake ameshamgawa, na hakuja kuniuliza kwa sababu aliona nitamjibu kwa utani.

Nilimpigia mama yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa mwanamke yule kusikiliza mpaka mwisho ni dalili mbaya. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Baba Kabula," akasema. "Mrudishe ng'ombe." Nikamweleza kwamba kumrudishia mtu kama Maduhu ng'ombe wake ni kumtemea mate usoni, na kwamba Minza ndiyo kwanza ananenepa, na labda tungoje yeye arudi Oktoba tuende wote kwa heshima. Akasema, "Oktoba binti yako atakuwa amebakiza wiki chache kufanya mtihani. Mrudishe ng'ombe." Akakata.

Bado nilikaa wiki mbili. Nasema ukweli. Kila siku nilikuwa na sababu. Nilimwambia Kabula kwamba mambo yatakwisha, asome tu. Akasema sawa baba, na hakushika daftari. Ijumaa ya wiki ya pili nilikuta begi lake dogo limepangwa nguo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, ila ameona awe tayari, ili siku wakija kumchukua asianze kutafuta vitu kwa haraka. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza ratiba ya shule. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta wa jiko. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia nampeleka ng'ombe kwa Maduhu alfajiri.

"Nakwenda na wewe," akasema.

"Ni mbali kwa miguu."

"Nataka nisikie ukisema. Nisipokuwepo utamtania."

Tulitoka kabla ya jua, yeye mbele ameshika kamba, mimi nyuma na fimbo, ndama akitangatanga katikati. Sijui mara ngapi tulisimamishwa. Njiani kila mtu alitaka kujua tunampeleka mnada gani na kama amepungua maziwa. "Mwangaluka," walitusalimia, "mnauza?" Nami nikijibu hapana, anarudi kwao, walitukazia macho. Ng'ombe haongozwi kurudi kwa mwenyewe asubuhi na baba na binti yake bila kuwa na neno kubwa. Kabula hakusema nami ila kuhusu njia. Katikati ya mashamba ya pamba alisimama kumngoja ndama, na nilitaka kumwambia jambo la kumchekesha, lilikuwa tayari mdomoni, nikalimeza. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumeza utani. Ulinikaa kooni mpaka Nkololo.

Maduhu alifurahi kutuona kabla hajamwona ng'ombe. Mkewe alimkumbatia Kabula, akamwita ng'wanawane, mwanangu, akatuletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kabula hakugusa. Nikamwomba Maduhu amwite kaka yake na jirani mmoja, nina neno. Uso wake ukabadilika. Wakaja, wakakaa. Sita alisimama karibu na zizi, akasikiliza kutoka pale.

Nilianza vibaya. "Ndugu zangu," nilisema, "nimekuja kumrudisha mwalimu huyu kwenye shule yake," kwa sababu ya jina lile la Madamu. Kaka yake Maduhu akatabasamu. Nikahisi Kabula ananiangalia. Nikaanza upya.

"Maduhu, huyu ng'ombe nilimpokea kwa ajili ya maziwa ya watoto. Sikuita shahidi, kosa ni langu. Siku ile uliniambia neno la mkwe, nami nikacheka, nikaongeza na langu. Sikupaswa kucheka. Binti yangu anasoma, hana mchumba hapa, na mimi sijampa mtu. Namrudisha ng'ombe na ndama wake mbele ya hawa."

Kaka yake Maduhu akauliza, kwa uchungu wa kweli, ni nani aliyeahidi ng'ombe wengi zaidi. Nikasema hakuna. Hakuamini. Maduhu aliinama akaokota kijiti, akakivunja.

"Umetembea kutoka Bariadi mpaka hapa kunirudishia utani wangu," alisema.

"Ulikuwa utani?" nikamuuliza.

Akavitupa vile vipande. "Ulikuwa," akasema. "Halafu mwanangu akaupenda. Nawe ukanyamaza, nikaona gashinaga, kumbe umekubali." Akamwangalia Kabula, akamwambia kwa Kisukuma kwamba asiwe na shaka, hakuna mtu atakayekuja kwake. Kisha akasema ndama nimchukue mimi, ndiyo desturi kwa aliyetunza. Nilifungua mdomo kushukuru. Kabula akasema kwanza, kwa adabu, akiwa amepiga goti, "Wabeja, bhabha. Hata ndama abaki na mama yake." Maduhu akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Hakutusindikiza. Kwetu, mgeni asiyesindikizwa anajua alichoambiwa.

Tulirudi kwa bodaboda, Kabula katikati, mimi nyuma nikiwa nimeshikilia fimbo isiyokuwa na ng'ombe. Jumatatu alichukua daftari. Mtihani wake hakuupasua kama mwalimu alivyotarajia mwanzoni. Miezi ile minne haikurudi, akapata matokeo ya katikati, akazunguka kwa njia ndefu mpaka akaufikia upimaji. Anasema hajuti. Mimi najuta kwa niaba yake. Maduhu hakuingia nyumbani kwangu miaka miwili. Baadaye tulisalimiana tena, tukazikana, tukachangiana harusi, ile ya Sita ikiwemo, lakini hatukutaniana tena hata mara moja mpaka amekufa, na hakuna niliyewahi kutaniana naye vizuri kama yeye. Nilimpoteza mwaka ule. Jumamosi hii iliyopita tulikwenda kuzika tu.

Jioni ya mazishi mama yao alibaki kulala msibani na wanawake. Tulirudi wanne, Kabula akiendesha, mimi kando yake, wawili nyuma wakigombania chaja ya simu. Sita alikuwa ametusindikiza mpaka kwenye gari, ana mvi sasa, akatushukuru kwa kuja, akampa Kabula mkono kama dada yake. Tulipoingia barabara kubwa niliona kwamba nimezeeka, na rafiki yangu amekwenda, na kuna jambo sijawahi kuuliza.

"Kabula," nilisema. "Lile la ng'ombe. Ulinisamehe?"

Alipisha lori la pamba, akarudi katikati ya barabara.

"Sijui kama nilikusamehe, baba," alisema. "Nafikiri nilikuzoea."

Milembe na Minza wakaangua kicheko huko nyuma. Nami kicheko kilinijia, kikafika mdomoni. Nikamgeukia kwanza nimwangalie usoni. Alikuwa anaangalia barabara, hacheki. Basi nami sikucheka.